Siku ya Nne Haikuingia Kwenye Wimbo

Kahama kuna watu wengi wanaoijua sura yangu na hawajui jina langu. Wananiita "yule kaka wa kwenye shimo". Nikiingia dukani kununua sabuni, muuzaji ananitazama mara mbili, anatabasamu, kisha anaanza kuimba chini chini kile kipande cha mwanzo cha wimbo. Na mimi natabasamu, maana ningefanya nini kingine? Wameniona kwenye simu zao na kwenye televisheni za mabasi. Wananipenda. Ni kazi ngumu kumwambia mtu anayekupenda kwamba huyo anayempenda si wewe.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kijiji kimoja nje ya Tinde. Mvua iliposhindwa misimu miwili mfululizo, nikaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita kama walivyokwenda wenzangu wengi. Nilipata kazi kwenye duara. Ndivyo tunavyoyaita mashimo ya wachimbaji wadogo, ingawa mengi yana pembe nne. Duara linashuka wima kama kisima, kuta zimezuiwa kwa magogo tunayoyaita matimba, na chini kabisa mnaufuata mwamba kwa njia ya pembeni, mkitambaa.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Msumbwa mmoja wa huko Bukombe. Alinizidi kama miaka kumi na mitano, alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, na mdomo mchafu kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kanisani haendi, msikitini haendi. Kiunoni alifunga hirizi, na Jumapili ukimtaka unamkuta kilabuni. Alitukana kwa Kiswahili, alitukana kwa Kisukuma, na alipotaka kutukana vizuri alirudi kwenye Kisumbwa chake. Mwezi wa kwanza nilimwogopa. Mwezi wa pili nikaona kwamba kila asubuhi, kabla hajaniruhusu kupita, anapita yeye kwanza na kuyagonga matimba kwa ngumi, moja baada ya jingine, akisikiliza.

Siku hiyo aliyagonga pia. Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana imepita. Nilihisi mchanga ukinimwagikia mgongoni, laini, kama mtu anayemwaga mtama kutoka kwenye ungo. Kisha gogo likalia. Yeye alikuwa nyuma yangu, karibu na mdomo wa ile njia, na ndiye aliyenisukuma mbele kwa mguu. Sikumbuki kishindo. Nakumbuka ukimya baada yake, na vumbi mdomoni, na sauti yake.

"Wewe Msukuma. Umekufa?"

"Bado."

"Basi usilie. Ukilia unamaliza hewa yangu."

Tochi yangu ilimwonyesha. Alikuwa amelala kifudifudi, gogo limemkandamiza kiunoni, na kifusi kimemfunika miguu yote. Mkono wake mmoja ulikuwa huru, na chini ya mkono huo, kama kwa makusudi, palikuwa na kidumu chetu cha maji cha lita tano. Nilijaribu kulinyanyua lile gogo. Alipiga ukelele ambao sitaki kuuelezea, na juu yetu mchanga ukaanza tena kumwagika. Nikaacha. Nilijaribu tena Jumanne, nikaacha tena. Mahali nilipokuwa paliniruhusu kukaa nimekunja magoti, lakini kunyoosha miguu na kichwa kwa pamoja haikuwezekana. Nilichagua kimoja kwa zamu.

Tochi zilikufa usiku wa kwanza. Saa tulizijua kwa saa yake ya mkononi, ya plastiki, iliyokuwa ikilia pii kila saa inapotimia. Maji aliyagawa yeye kwa kutumia kifuniko cha kidumu. "Kifuniko kimoja chako," anasema, nami nanyoosha mkono gizani hadi niguse vidole vyake. "Kimoja changu." Kisha namsikia akimeza, kwa sauti, kama mtu anayetaka asikike.

Nikianza kusinzia vibaya, ule usingizi wa mtu aliyekata tamaa, aliniamsha kwa matusi. Alinifundisha sentensi moja ndefu ya Kisumbwa na kunilazimisha kuirudia mpaka niitamke sawasawa. Nikikosea, alinicheka. Nikimuuliza maana yake, alisema, "Tukitoka nitakwambia." Nadhani niliirudia mara mia. Ndivyo tulivyoishi siku tatu, kwa vifuniko vya maji na kwa sentensi ile.

Alhamisi, kabla ya mchana, hakujibu. Nilimwita, nikamshika mkono. Ile saa yake iliendelea kulia kila saa, kwenye mkono wake, karibu na sikio langu. Toka hapo hadi Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa peke yangu naye. Nilikivuta kidumu kutoka chini ya mkono wake. Kilikuwa na maji mengi kuliko ilivyopaswa. Nilikitikisa, nikasikiliza, nikakitikisa tena. Halafu nikanywa. Nilikunywa nikimwomba radhi. Nilizungumza naye mchana kutwa, nilimwambia mambo ya nyumbani, mambo ambayo sijapata kumwambia mtu mwingine, na kuna wakati nilimkasirikia kwa kuninyamazia. Hiyo ndiyo siku ya nne.

Waliotufikia walichimba kutokea duara la jirani. Walinitoa nimefungwa kitambaa machoni, nimelazwa juu ya viroba vilivyoshonwa pamoja, nimejichafua, siwezi kusimama. Huko juu watu walishangilia. Nilisikia mtu mmoja akiuliza, "Na yule wa pili?" na mwingine akamwambia anyamaze kwanza.

Hospitalini nilikaa wiki mbili. Muuguzi mmoja alikuwa akisali kwenye kanisa moja la Kahama, na kupitia kwake nikatembelewa na mwalimu wa kwaya. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mwenye vidole virefu vya kupiga kinanda. Alikuja na mkewe wakaniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na walikuja kila siku mbili, bila kuniuliza lolote. Naandika hili ili ieleweke: hakuna aliyenitendea ubaya. Nilipotoka, nikiwa nakaa kwa mjomba wangu Kahama na sina hamu ya kurudi machimboni wala shambani, ni yeye aliyeniombea kazi kwa mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mpaka leo nauza misumari na mabati pale.

Jumapili moja waliniomba nitoe ushuhuda. Nilisimama nikasimulia kama nilivyosimulia hapa, ila kwa urefu zaidi, kwa sababu sikujua bado kipi ni kirefu. Nilifika Alhamisi, kwenye ile saa inayolia, nikaona akina mama wanatazama chini. Mtoto mmoja alianza kulia. Mchungaji akaja taratibu akaniwekea mkono begani. "Tumshukuru Mungu kwa ndugu yetu," akasema, na watu wakapiga makofi kwa nguvu, makofi ya kushukuru kwamba nimemaliza.

Mara ya pili, kwenye kanisa jingine, nilisimulia kwa dakika kumi. Mara ya tatu kwa dakika tano. Nilijifunza mahali watu wanaposema "Amina" na mahali wanaponyamaza, na nikaanza, bila kukusudia, kupita haraka mahali pa kunyamaza. Kwa hiyo siwezi kusema ni kwaya iliyoanza kukata. Nilianza mimi.

Kisha mwalimu akatunga wimbo. Aliniita kwake jioni moja kunisikilizisha. Ulikuwa mzuri. Nasema kweli, ulikuwa mzuri mno, nilihisi nywele zikinisimama. Mtu yuko gizani siku tatu, sauti inamwita, mkono unampa maji, siku ya tatu anatoka gizani hadi kwenye nuru. Alipomaliza alinitazama kama mtoto aliyemaliza hesabu.

"Mwalimu, tulikaa siku nne."

"Najua. Lakini sikiliza." Akagusa kinanda. "Siku taaatu. Umeona inavyofunguka? Sasa imba nne."

Niliimba. Ile "n" ya mwanzo ilinikwama puani. Tulijaribu mara tatu nne, na kila mara tuliishia kucheka. Ilikuwa kweli: nne haikuimbika pale.

"Halafu watu wakisikia siku ya tatu," akasema, "wanaelewa wenyewe."

"Na mwenzangu? Hayumo."

"Yumo. Beti la pili: wengine walilala."

"Ndiye aliyenipa maji, Mwalimu."

Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Na yeye, moyo wa kukupa aliupata kwa nani?"

Nilikuwa nakula chakula chake wakati huo, ugali na mlenda, mkewe ananiongeza mboga. Nikasema wimbo ni mzuri.

Aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye wimbo ule ni mwanamke ambaye leo ni mama wa watoto wangu. Mapacha walipozaliwa, watu waliacha kututaja kwa majina. Yeye ni Mama Mapacha, mimi ni Baba Mapacha. Siku ya kwanza kuzungumza naye aliniambia kwamba mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na kwamba usiku aliousikia wimbo huu kwa mara ya kwanza ndio usiku wa kwanza aliolala. Ungekuwa wewe, ungeanza kumsahihisha wapi?

Video ilipigwa kwenye shimo la zamani la kokoto, kando ya barabara ya kwenda Tinde, ukitoka mjini ukishaviacha nyuma vilima vya mawe vya mgodi wa Buzwagi. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa. Mwalimu alitaka niigize mimi mwenyewe, maana watu watataka kumwona mwenyewe. Nilikuja na nguo zangu za machimboni. Mpiga picha alizikataa. Alisema udongo wa kweli kwenye kamera unaonekana uchafu tu, hauonekani mateso. Wakanivalisha shati jeupe wakalichana kidogo begani, wakanipaka usoni unga wa ngano.

Juu ya shimo walitandaza turubai kufanya giza. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, mtu mrefu mwenye meno yote, alivaa kanzu nyeupe. Aliinama kutoka kwenye mwanga wa taa akanipa maji kwenye jagi la kioo.

"Yalikuwa kwenye kifuniko cha dumu," nikamwambia mpiga picha.

"Kifuniko hakionekani, kaka."

Kisha nikatakiwa nitoke shimoni kwa miguu yangu, nimeinua mikono, kwaya inanisubiri juu kwa sare za bluu. Jua lilikuwa linacheza na mawingu, kwa hiyo nilirudishwa chini na kutolewa mara saba. Mara ya tano nilipokuwa chini ya lile turubai, nikisubiri kuitwa, pumzi ilikatika. Shimo lilikuwa wazi upande mmoja, nilikuwa naiona miguu ya watu na baiskeli imeegeshwa, lakini kifua kilifunga kabisa. Nilishika ukuta. Mpiga picha akaita, "Hapo hapo! Baki hivyo hivyo!" Kipande hicho kimo kwenye video. Watu husema ndicho kinachowaliza.

Baada ya video niliitwa kila mahali. Shinyanga mjini, Geita, Katoro, mikutano ya injili, sherehe za kuweka jiwe la msingi. Nilisimama mbele, kwaya nyuma yangu, na nilipofika kwenye lile beti nilinyoosha mkono kupokea jagi lisilokuwepo. Kidogo kidogo kitu kikatokea ambacho sikukitegemea. Nilianza kuota jagi. Nilipojaribu kukumbuka vidole vyake gizani, vilikuja vidole virefu, safi, na mkono wa kanzu. Nilijaribu kukumbuka sauti yake ikisema "kimoja chako", nikaisikia kwa tuni ya kinanda. Mtu wa kwenye video alikuwa anakula kumbukumbu zangu kama mchwa anavyokula mlango: kwa nje rangi ipo, ukigusa, kidole kinaingia.

Sikuwa nimekwenda kwao Msumbwa. Alipozikwa nilikuwa kitandani, na baada ya hapo kila mwezi uliopita ulifanya safari kuwa ngumu zaidi. Kisha video ikatoka, na ndipo nikashindwa kabisa.

Akaja yeye, mama yake. Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, watu wanapeana mikono nje. Mwanamke mzee, mfupi, kajifunga khanga mbili mpya, ameshikwa mkono na binti yake mtu mzima. Binti akaniuliza kama ndimi yule wa kwenye video, kisha akanitajia mama huyu ni mama wa nani. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope." Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Tulikuwa kwenye basi tukitoka Ushirombo, binti akaniambia mama tazama. Nikakuona. Nikamwona na mwanangu."

Sikuelewa.

"Mmemvika vizuri," akasema. "Yule anayekupa maji. Hafanani naye sana, mwanangu hakuwa mrefu, na meno yake unayajua. Lakini nguo nyeupe! Nilisema kwenye basi, jamani, huyo ni wangu. Sikutegemea kwamba kuna mtu angemvika mwanangu nguo nyeupe, kwa jinsi alivyokuwa." Akacheka. "Nimekuja kuwashukuru."

Mwalimu wa kwaya alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alisogea, akamsalimia kwa heshima, akasikiliza. Na kwa kuwa ni mtu asiyependa uongo, alimwambia kwa upole kabisa, "Hapana, mama. Yule si mtu. Yule ni malaika wa Bwana."

Mama hakuacha kutabasamu mara moja. Tabasamu lilibaki kidogo usoni likiwa halina kazi. Alimtazama binti yake, akatazama kanisa, akaanza kuachia mkono wangu.

"Ni yeye, mama," nikasema. "Aliyenipa maji ni mwanao."

"Ndugu yangu," Mwalimu akaanza.

"Ni yeye."

Niliwachukua mpaka nyumbani. Mama Mapacha alipika chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa nasi. Mama yule aliniomba nimweleze. Nilianza, na mdomoni yakatoka maneno ya wimbo. Giza nene. Mkono ukanyooshwa. Nilijisikia nikiimba bila tuni, na niliona kwenye macho yake kwamba ananisikiliza kwa adabu tu, kama anavyosikiliza redio. Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la nyumba yangu, mlango uko wazi, na sikupata njia ya kutoka kwenye ule wimbo.

Ndipo nikakumbuka ile sentensi. Hakuna aliyewahi kuitaka. Haikuimbwa, haikupigwa picha, sikuitoa kwenye ushuhuda wowote. Nikaitamka kwa Kisumbwa, yote, kwa lafudhi ileile aliyonisahihisha mara mia, bila kujua maana yake.

Mama alifunika mdomo kwa khanga. Binti yake alipiga yowe, "Yesu wangu!" akainuka akaenda kusimama dirishani, mabega yakimtikisika. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye mwanangu. Hiyo alikuwa anamwambia baba yake mdogo, tangu ana miaka minane. Nilimchapa sana."

Maana yake alinieleza. Inahusu beberu na mkwe wa mtu, na sitaiandika.

Baada ya hapo niliweza kumweleza. Nilimweleza gogo, vifuniko, saa inayolia. Aliniuliza kama mwanawe alikuwa anakunywa na yeye. Nilimwambia nilimsikia akimeza. Kisha nikamwambia na yale maji yaliyobaki, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza na sikutaka tena kukata. Alikunja na kukunjua pindo la khanga. "Haya," akasema mwishoni. Jioni binti yake alitaka waondoke, tukawasindikiza hadi stendi.

Wiki iliyofuata nilimwomba Mwalimu tuubadili wimbo. Alisema video imekwisha kwenda, iko kwenye simu za watu tusiowajua, hakuna wa kuirudisha. Ni kweli. Basi nikamwomba nizungumze baada ya wimbo kuimbwa, dakika chache, akakubali. Jumapili nikachukua kipaza sauti nikasema kwamba aliyenipa maji alikuwa mtu, Msumbwa, mlevi, mwenye hirizi, na kwamba huenda alijinyima ili mimi niishi. Kanisa lililipuka. "Amina!" Makofi, vigelegele. Nilikaa chini nikidhani nimeutua mzigo.

Mwezi haukuisha, kukawa na beti jipya. Mwalimu alikuja nalo mwenyewe kwa furaha, alidhani ananipa zawadi. Sasa mle shimoni wako wawili. Mmoja anaomba, mmoja anatukana. Anayeomba anaokolewa. Anayetukana amefunga hirizi kiunoni, na siku ya tatu anakutwa amelala.

"Umemwingiza," nikasema.

"Si ulitaka awemo?"

"Mimi sikuomba, Mwalimu. Mle ndani sikuomba hata mara moja. Nilikuwa narudia matusi."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Hilo usiliseme mbele za watu," akasema. "Litawaumiza."

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba naacha. Alikuwa anawaogesha mapacha kwenye beseni, hakugeuka.

"Ukiacha, watasema nini kuhusu wimbo?"

"Watajua haukuwa kweli."

"Kwangu ulikuwa kweli." Alimfuta mtoto mmoja uso. "Baba Mapacha, mimi moyoni nilimzika mama yangu na wimbo ule. Ndiyo nikakujua wewe. Ukiuvunja, niambie unanivunjia mangapi."

Niliwaza duka, ambako mzee wa kanisa hupiga video ile kwenye televisheni ukutani ili wateja wajue ni mimi ninayewapimia misumari. Nikawaza mjomba, ambaye hunitambulisha kwa watu kwa wimbo. Hakukuwa na ukuta wa nyumba yangu ambao haukuegemea wimbo ule. Sikuacha.

Nilifanya jambo moja. Nilikwenda kwao Msumbwa, peke yangu. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mama yake, majirani wakasogea, nikaanza toka Jumatatu saa nane mchana. Nilisimulia mpaka jua likaingia. Alhamisi niliieleza yote, kila saa ilivyolia. Hakuna aliyesema Amina. Mzee mmoja aliuliza gogo lilikuwa la mti gani, nikamwambia, akatikisa kichwa kwamba mti huo haufai kwa matimba. Mama alinionyesha kaburi, lina saruji sasa. Kwenye basi la kurudi walipiga video ile. Niliinamisha kichwa nikajifanya nimelala, lakini abiria wa pembeni alinitambua, akaniomba tupige picha.

Mwezi uliopita wamepiga video mpya, yenye lile beti jipya. Nilisema sitaigiza. Mwalimu hakunilazimisha. Walimpata kijana mwingine wa kwaya, mwembamba, kwa sababu mimi nimenenepa. Mpiga picha, yuleyule wa kofia, alisema kijana huyo anafanana na mimi kuliko mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa sababu Mama Mapacha anaongoza sauti ya kwanza na watoto walihitaji wa kuwashika. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya shimo lilelile la kokoto, pacha mmoja kila goti.

Wakati wa mapumziko yule kijana alinijia, uso mweupe kwa unga, akachuchumaa mbele yangu kwa heshima.

"Shikamoo, kaka. Samahani. Hapa ninapotoka, ulilia vipi? Kwa sauti au kimya kimya?"

"Sikulia."

Alinitazama, akatazama nyuma kwa mpiga picha aliyekuwa anafuta lenzi, akanirudia. "Lakini wameniambia nilie."

"Basi lia," nikamwambia. "Kwa sauti. Kimya kimya haionekani."

Akashukuru, akainuka, akashuka tena chini ya turubai.